Seva ya duka ikifa leo, kesho mtauza saa ngapi?

Swali: "Tuna duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo na ghala Tabata. Seva yetu ni moja, ya Windows, iko ofisini juu ya duka. Inaendesha programu ya stoo na mauzo inayotumia SQL Server Express (programu ya bure ya Microsoft ya kutunza hifadhidata), na pia inatunza mafaili ya ofisi. Kompyuta sita zimeunganishwa nayo, na tunatoa ankara kama 150 kwa siku. Data yote ni gigabaiti 300, ila hifadhidata yenyewe ni gigabaiti 6 tu. Fundi ametuwekea RAID 1 na diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva, inanakili kila usiku. Anasema tuko salama. Bajeti yetu ni ndogo. Je, kweli tuko salama?"

Jibu:

Hapana, bado. Ila hamko mbali, na kazi kubwa iliyobaki ni ya mpangilio kuliko ya fedha. Kabla hamjasoma zaidi, fanyeni jambo moja leo jioni: nakala ya leo ikishamalizika, chomoeni ile diski ya nje, mpeni anayekwenda Tabata aifungie kabatini ghalani. Kesho nunueni nyingine ya kuchukua nafasi yake. Hatua hiyo peke yake itawakinga na mambo matatu ambayo mpangilio wa sasa hauyakingi hata kidogo: moto, wizi, na kirusi kinachofunga mafaili ili mlipe fidia.

Fundi wenu hajadanganya kuhusu RAID 1, amesema nusu. RAID 1 inaandika kitu kilekile kwenye diski mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo moja ikifa, duka linaendelea kuuza. Ni kitu kizuri, kiacheni. Lakini karani akifuta bidhaa 400 kwa bahati mbaya, zimefutika kwenye diski zote mbili sekunde hiyohiyo. Umeme ukirudi kwa kishindo ukaunguza pawasaplai na diski zake, zimeungua zote. RAID inalinda dhidi ya kifo cha diski moja, basi. Na diski ya nje iliyochomekwa muda wote, kwa macho ya kirusi, ni diski kama nyingine: inaonekana kwa herufi yake, E au F, na itafungwa pamoja na C.

Sasa tuanzie mwisho, siku ya kurudisha. Watu wengi huanza kwa kununua vifaa, kisha siku ya balaa ndipo wanagundua kwamba nakala wanayo ila inachukua siku mbili kuirudisha. Jiulizeni maswali mawili, myajibu kwa namba, na ajibu mwenye duka, fundi akisikiliza. La kwanza: seva ikizima sasa hivi isiwake tena, tunaweza kuvumilia kupoteza kazi ya saa ngapi? La pili: duka linaweza kukaa saa ngapi bila mfumo kabla wateja hawajaenda kwa jirani?

Kwa ankara 150 kwa siku ya saa kumi za kazi, mnatoa ankara 15 kwa saa. Mkinakili usiku tu, na seva ikafa saa 11 jioni, mmepoteza karibu ankara zote 150, na stoo yenu kwenye mfumo haitalingana na mzigo uliopo. Mkinakili kila saa, mnaandika upya ankara 15 kutoka kwenye risiti za karatasi, kazi ya nusu saa. Tofauti ya gharama kati ya hali hizo mbili ni ndogo mno, kwa sababu ya ile namba mliyoitaja wenyewe: gigabaiti 6.

Hapo ndipo penye ufunguo wa swali lenu. Gigabaiti 294 nyingine ni skani za ankara za wasambazaji, picha za bidhaa, Excel za miaka iliyopita. Ni mali, lakini hakuna mteja atakayekosa saruji kwa sababu skani ya mwaka 2021 haijarudi. Gigabaiti 6 ndizo zinazouza. Angalieni hesabu ya muda wa kurudisha. Kupitia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde, gigabaiti 300 zinahitaji zaidi ya saa 33 mfululizo, hata laini isipokatika. Gigabaiti 6 kwa laini hiyohiyo: dakika 40. Kutoka diski ya nje yenye USB 3 inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde, 300 zote ni dakika 50. Ukiichomeka kimakosa kwenye tundu la USB 2, ni karibu saa tatu. Kwa hiyo tenganisheni: hifadhidata iwe na ratiba yake ya haraka na irudi kwanza, mafaili ya ofisi yafuate kwa mwendo wake.

Nianze na hifadhidata, maana ndiko makosa mengi yanakofichika.

Faili la hifadhidata, lile la .mdf, halinakiliwi kama faili la Word. SQL Server inalishikilia wazi muda wote inapofanya kazi. Programu ya kawaida ya kunakili itajaribu, itakataliwa, itaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba faili moja limeshindikana, kisha itaendelea na mengine 80,000 na kumaliza kwa furaha. Mkaguzi anaona ukubwa wa folda umeongezeka, anaridhika. Faili lile moja lililoshindikana ndilo duka. Nendeni leo kwenye diski yenu mkaangalie: je, kuna faili la .bak, yaani nakala ya hifadhidata iliyotolewa na SQL Server yenyewe, lenye tarehe ya jana? Kama hakuna, kuna uwezekano mkubwa kwamba mauzo yenu hayajawahi kunakiliwa hata siku moja.

SQL Server Express haina ule upangaji wa kazi wa ndani uliomo kwenye matoleo ya kulipia, kwa hiyo kazi inapangwa kwenye Task Scheduler ya Windows, ikiita amri ya aina hii:

sqlcmd -b -S .\SQLEXPRESS -E -Q "BACKUP DATABASE Duka TO DISK='D:\bekapu\duka_2025-03-14_1900.bak' WITH CHECKSUM, INIT"

Badilisheni jina la hifadhidata na njia ya folda; tarehe iwekwe na skripti yenyewe kila inapoendeshwa. Kila kipande hapo kina sababu yake. Ile -b inaifanya sqlcmd itoe alama ya kushindwa SQL inapokataa. Bila hiyo, Task Scheduler itaonyesha 0x0, yaani imefanikiwa, hata kama hakuna kilichoandikwa. CHECKSUM inahakiki kurasa, yaani vipande vidogo ambamo SQL huhifadhi data, wakati wa kunakili, ili ukurasa ulioharibika usinakiliwe kimyakimya kwa miezi mitatu. INIT inaanza faili upya. Msipoiweka, SQL inaongeza nakala ya leo nyuma ya ya jana ndani ya faili lilelile, linavimba kila siku hadi diski ijae, na siku diski inapojaa bekapu inakoma. Lakini INIT kwenye jina lisilobadilika ina balaa lake pia: nakala mbovu ya leo inafuta nzima ya jana. Ndiyo maana jina libebe tarehe na saa.

Andikeni kwanza kwenye diski ya ndani ya seva, ndipo mnakili kwenda kwingine. Mkimwambia SQL aandike moja kwa moja kwenye folda ya mtandaoni mtakutana na "Operating system error 5", kwa sababu anayeandika ni akaunti ya huduma ya SQL, wala si ninyi mlioingia, na akaunti hiyo haina ruhusa kule.

Ratiba ninayopendekeza: nakala kamili saa 1 usiku mkishafunga, kisha kila saa ya kazi nakala ya tofauti, yaani amri ileile ikiongezewa DIFFERENTIAL na jina lake lenyewe. Hiyo inachukua mabadiliko tu tangu nakala kamili ya mwisho, kwa hiyo ni ndogo na ya haraka. Angalizo moja linalowaliza mafundi wengi: nakala ya tofauti inaegemea nakala kamili ya mwisho, yoyote iliyochukuliwa. Fundi wa programu akija mchana akachukua nakala kamili kwenye flashi yake ili aende kuchunguza hitilafu, nakala zenu zote za tofauti tangu saa hiyo zinaegemea faili lililo mfukoni mwake. Mwambieni atumie COPY_ONLY. Baadhi ya programu zinazonakili mashine nzima hufanya vilevile, kwa hiyo hakikisheni mpangilio wake kabla ya kuziwasha.

Na kwa kuwa mko kwenye gigabaiti 6: Express hadi toleo la 2022 inakomea gigabaiti 10 kwa hifadhidata. Ikifika hapo, inakataa kuandika ankara mpya katikati ya siku. Wekeni alama kwenye kalenda mkifika 8, mzungumze na mwenye programu kuhusu kuhamisha data ya zamani.

Tuje kwenye mahali pa kuweka. Kanuni inayojulikana ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Mimi ningewaongezea sharti la nne, na kwenu ndilo zito: moja iwe haijachomekwa popote.

Muwe na diski mbili za nje, mliyo nayo na ile mtakayonunua, za terabaiti 1 au 2, muandike A na B kwa kalamu isiyofutika. A ikiwa Kariakoo, B iko Tabata. Badilishaneni mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumatatu na Alhamisi, pamoja na gari la mzigo. Utaratibu wa kubadilishana una mlango mmoja wa hatari: B isiletwe Kariakoo kabla A haijafika Tabata, maana kwa dakika kumi hizo nakala zenu zote zitakuwa chumba kimoja na seva. Moto uliounguza Soko la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021 ulianza usiku. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliporomoka asubuhi. Kuweka nakala kwa rafiki wa duka la pili si kuweka nje. Mtaa ukizingirwa, hata mwenye ofisi nzima haruhusiwi kuingia kuchukua chake. Tabata ni umbali wa kutosha.

Diski inayosafiri kwenye gari lazima isimbwe, yaani ifungwe kwa ufunguo ili aliyeiokota asisome. BitLocker inatosha, kwenye Windows Server mnaiongeza kama kipengele kisha mnaanzisha upya mashine, kwa hiyo fanyeni baada ya kufunga. Itawapa ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Uchapisheni nakala mbili: moja kwenye sefu ya mwenye duka nyumbani, nyingine kwa mhasibu. Msiuhifadhi kwenye seva ileile. Nafahamu linaonekana jambo la wazi, lakini ufunguo hukutwa kwenye desktop ya seva iliyokufa mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Jinsi ya kunakili kwenda kwenye diski hizo ni muhimu kama diski zenyewe. Skripti nyingi za mafundi hutumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafolda, na kiambatisho cha /MIR, kinachofanya kule kufanane kabisa na huku. Kufanana ndiko tatizo: folda ikifutwa huku saa 9 alasiri, usiku inafutwa na kule. Mkihitaji kurudi wiki mbili nyuma, hakuna. Tumieni programu inayotunza matoleo. Kwa bajeti yenu ningechukua restic: ni ya bure, inasimba yenyewe, na haihifadhi kitu kilekile mara mbili, hivyo siku 60 za historia hazichukui mara 60 ya nafasi. Kwenye Windows mpeni kiambatisho cha --use-fs-snapshot ili mafaili yaliyo wazi, kama Excel ya mhasibu, yanakiliwe pia. Mafaili ya .bak mpeni yalivyo, msiyabane kwanza kwa zip: faili lililobanwa linabadilika lote hata ankara moja ikiongezeka, na restic haitaona kilichofanana. Muda wa kutunza: siku 14, wiki 8, miezi 12, na moja ya mwisho wa kila mwaka wa fedha. Hiyo ya mwaka itunzeni angalau miaka 5, kwa sababu ndio muda ambao sheria ya kodi inataka kumbukumbu zenu ziwepo.

Neno siri la restic likipotea, data imepotea. Hakuna kampuni ya kupigia simu. Liandikwe karatasi moja na ule ufunguo wa tarakimu 48.

Nakala ya tatu iende kwenye wingu, na kwa kuanzia iwe ile hifadhidata tu. Huduma za kuhifadhi data kama Backblaze B2 au Wasabi hulipiwa kwa ukubwa na muda, na restic inazungumza nazo moja kwa moja. Gigabaiti 6 za kwanza, hata kwa laini inayopandisha megabiti 5 tu, ni chini ya saa tatu. Baada ya hapo zinapanda tofauti tu. Gigabaiti 300 zingechukua siku tano na nusu usiku na mchana, na kompyuta zote dukani zingelalamika. Mkitaka kuzipandisha baadaye, wekeni kikomo cha kasi mchana na mwachie usiku.

Kwenye akaunti ya wingu washeni kufungia mafaili yasifutwe kwa siku 30, ili mtu aliyeiteka seva yenu na kukuta funguo zake asiweze kumalizia na kule. Akaunti isajiliwe kwa barua pepe ya kampuni, wala si ya kijana wa IT anayeweza kuhama mwezi ujao, na kadi inayolipia iangaliwe tarehe ya kuisha. Kadi ikikataa miezi michache, huduma inafunga akaunti na kufuta. Tena, msiitegemee wingu peke yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na intaneti ilisuasua kwa siku kadhaa. Wenye diski Tabata siku hiyo wangerudisha. Wenye wingu tu wangesubiri.

Na wingu nalo ni jengo la mtu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya wingu ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote, na baadhi ya wateja waligundua kwamba bekapu zao zilikuwa kwenye eneo lilelile lililoungua.

Kwa kuwa mna majina na namba za simu za wateja wa mkopo, kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inagusa pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kusimba kabla ya kupandisha kunasaidia, lakini hakuondoi wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mhasibu wenu alifuatilie hilo.

Kuhusu ile programu ya kudai fidia: mlango inaoutumia sana kwenye biashara ndogo ni ule uliofunguliwa kwenye ruta ili bosi aione seva akiwa nyumbani, tundu namba 3389. Mtandao mzima unalijaribu tundu hilo kwa maneno siri ya kubahatisha, usiku na mchana. Mwiteni fundi, muulizeni kama limefunguliwa, lifungwe leo. Bosi aingie kwa VPN, yaani njia iliyosimbwa ya kufika kwenye mtandao wa ofisi, kwa mfano WireGuard. Kisha, akaunti mnayotumia kila siku kwenye seva isiwe msimamizi mkuu. Kirusi kikishapata usimamizi, kitu cha kwanza kinachofanya ni kufuta nakala za kivuli, yaani matoleo ya zamani ya mafaili ambayo Windows huweza kuyatunza ndani ya seva yenyewe, kabla hata hakijafunga faili moja. Anayetegemea "Previous Versions" atakuta patupu.

Umeme siwezi kuuruka, ingawa si bekapu. Hifadhidata inayozimwa ghafla katikati ya kuandika ndiyo inayozaa uharibifu unaokuja kuonekana miezi baadaye. UPS, ile betri ya akiba ya seva, bila kebo ya data kwenda kwenye seva ni kuahirisha tu: dakika chache baadaye seva inazimika kwa kishindo kilekile. Chomekeni kebo ya USB, wekeni programu yake, iamriwe kuzima seva kwa utaratibu umeme ukikosekana dakika tano. UPS ya 1000VA inatosha seva moja ndogo na swichi. Printa ya leza isichomekwe hapo kamwe, inapopasha moto inavuta mno. Betri hudumu miaka mitatu hadi mitano, na kwenye chumba cha joto cha Dar es Salaam hesabuni mitatu. Mara mbili kwa mwaka, mkishafunga, chomoeni UPS ukutani mkiangalia saa.

Sasa siku yenyewe. Seva haiwaki, ni Jumanne saa 2 asubuhi, foleni imeanza. Kurudisha wapi? Hapa ndipo mipango mingi inapokwama: nakala ziko salama, mashine hakuna. Seva mpya ya aina ileile inaweza kuchukua wiki kupatikana. Hamhitaji seva. Kompyuta ya kawaida ya mezani yenye memori ya gigabaiti 16 na SSD ya terabaiti 1 inaweza kuendesha hifadhidata ya gigabaiti 6 kwa kompyuta sita bila shida, kwa wiki mbili tatu. Itengeni, muiweke Tabata, Windows imewekwa, SQL Server Express imewekwa, programu ya mauzo imewekwa. Toleo la SQL liwe lilelile au jipya zaidi. Nakala iliyotoka toleo jipya hairudi kwenye toleo la zamani, na hilo mtaligundua saa mbaya.

Leseni ya programu ya mauzo mara nyingi imefungwa kwenye mashine, ama kwa kijiti cha USB ama kwa namba ya vifaa. Mpigieni mwenye programu wiki hii, muulizeni: tukihamia mashine nyingine kwa dharura Jumapili usiku, nani anatupa ufunguo? Andikeni jibu na namba yake ya simu. Kama ankara zenu zinapita kwenye mfumo wa VFD wa TRA, ule wa risiti za kielektroniki za kodi, kuna mambo mawili zaidi. Cheti cha kidijitali na neno lake la siri, kama viko kwenye seva, vinatakiwa kuwemo kwenye bekapu. Na kaunta ya risiti haitakiwi kurudi nyuma: mkirudisha hifadhidata ya saa 4 wakati risiti za hadi saa 5 zimeshatumwa, mfumo utaanza kutoa namba ambazo tayari zimetumika. Kabla ya kufungua mauzo, chukueni risiti ya mwisho ya karatasi, msomee mwenye programu namba yake, aisogeze kaunta mbele.

Karatasi ya kubandika ndani ya kabati la Tabata, na nakala kwa mwenye duka, isizidi ukurasa mmoja:

1. Anayeamua kwamba tunahamia mashine ya akiba, na mtu wa pili asipopatikana. Kikomo: seva isipowaka ndani ya dakika 45, tunahama, hatuendelei kubahatisha.
2. Kama inadhaniwa ni kirusi, chomoa kebo ya mtandao ya seva na kompyuta zote kwanza. Usichomeke diski A wala B kwenye mashine yoyote iliyokuwa kwenye mtandao huo.
3. Vitabu vya risiti vya mkono vilipo, na anayevigawa. Kila ankara iandikwe saa.
4. Mashine ya akiba ifike Kariakoo, ipewe anwani ileile ya mtandao ya seva ya zamani, ili kompyuta sita zisihitaji kubadilishwa moja moja.
5. Rudisha nakala kamili ya mwisho kwa NORECOVERY (hifadhidata ibaki ikisubiri nakala nyingine), kisha nakala ya tofauti ya mwisho kwa RECOVERY (ifunguke itumike). Ukisahau NORECOVERY kwenye ya kwanza, ya pili itakataliwa na utaanza upya.
6. Endesha DBCC CHECKDB, amri ya SQL ya kukagua uzima wa hifadhidata. Kisha linganisha namba ya ankara ya mwisho, jumla ya mauzo ya jana, na idadi ya bidhaa tano zinazohesabika kwa macho: nondo, saruji, rangi, chochote kilicho karibu.
7. Kaunta ya VFD. Ndipo fungua mauzo.

Hatua ya 6 mtu asiiruke. RESTORE VERIFYONLY, ambayo mafundi hupenda kuitaja, inathibitisha kwamba faili linasomeka. Haiwaambii kama ndani yake kuna mauzo ya jana au ya mwezi uliopita.

Karatasi hiyo ifanyiwe zoezi Jumapili moja kila miezi mitatu, kwenye ile mashine ya akiba, saa ya ukutani ikiandikwa mwanzo na mwisho wa kila hatua. Kila mwezi, zoezi dogo: rudisheni hifadhidata tu na mafaili matatu ya ofisi mliyochagua bila kupanga. Mara ya kwanza mtachukua siku nzima na mtakuta vitu vitatu vinne vimesahaulika: fonti ya ankara, printa, neno siri la mtumiaji wa SQL. Ndicho mlichoendea kutafuta.

Sababu ya kusisitiza mazoezi ni kwamba bekapu hufa kimyakimya. Mtu akibadilisha neno siri la akaunti inayoendesha kazi kwenye Task Scheduler, kazi inaacha kuendeshwa na skrini haionyeshi kitu. Wakubwa nao wamepitia. Tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao, alifuta data ya hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walipokimbilia bekapu zao, nakala za kila siku zilikuwa hazipo: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL (programu ya hifadhidata waliyotumia) na hifadhidata ilikuwa 9.6, ikishindwa kila mara. Barua pepe za kuonya zilikuwa zinatumwa, ila zilikataliwa njiani kwa kasoro ya mpangilio wa barua. Kilichowaokoa ni picha ya diski, yaani nakala ya hali yake yote kwa wakati mmoja, ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa shughuli nyingine.

Kwa hiyo msisubiri onyo la kushindwa. Dai taarifa ya kufanikiwa. Kila asubuhi saa 2 ujumbe uje kwenye simu ya mhasibu ukiwa na vitu vitatu: jina la faili la usiku, ukubwa wake, na namba ya ankara ya mwisho iliyomo. Ukubwa ukishuka ghafla kutoka gigabaiti 6 hadi megabaiti 40, kuna kitu. Ujumbe usipofika, kuna kitu. Mhasibu ndiye ninayemchagua kwa makusudi badala ya fundi: anaijua namba ya ankara ya mwisho ya jana bila kuangalia.

Mfuatano wa manunuzi, fedha ikiwa ndogo: diski ya pili, akaunti ya wingu kwa ajili ya hifadhidata, kebo na betri ya UPS, kompyuta ya akiba. NAS, kisanduku cha diski kinachounganishwa kwenye mtandao wa ofisi, ambayo wauzaji wataitaja kwanza, iwe ya mwisho. Ni kifaa kizuri kwa zile gigabaiti 294, kinarudisha haraka, na zenye uwezo wa kuchukua picha za diski ni msaada mkubwa. Mkiinunua, isitumie jina na neno siri la msimamizi wa seva, na mpangilio uwe NAS ndiyo inayoingia kwenye seva na kuvuta, ili seva isiwe na ufunguo wowote wa kwenda kule. Kwa leo, diski yenu moja ikiwa Tabata na faili la .bak la jana likiwa ndani yake, mna kitu ambacho jana hamkuwa nacho.